Mtoto amejifunza nini? Habari za shule zetu za msingi tangu Mpala hata leo

Siku moja nilikaa kwenye benchi ya nyuma, katika kalasi ya tatu ya shule moja ya msingi ambayo sitaitaja jina. Mwalimu akamwita kijana mmoja, akampa kitabu. Kijana akasimama wima, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, akasoma ukurasa mzima bila kukwama hata mara moja. Wenzake wakapiga makofi. Mimi nami nilikuwa karibu kupiga makofi, ndipo nikaona ya kuwa kidole chake kilikwisha kufika chini ya ukurasa tangu zamani, na mdomo ulikuwa ukiendelea bado.

Nikamwomba mwalimu ruhusa. Nikafunika ukurasa kwa mkono wangu, nikaacha neno moja tu wazi, katikati. Lilikuwa neno «mlango». Kijana akalitazama, akanitazama mimi, kisha akaanza tena ukurasa tangu mwanzo, polepole, kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu nyumba za kijiji apate kufika kwenye nyumba anayoitafuta. Alipolifikia akatabasamu: «Ni mlango.»

Mtoto huyu si mjinga. Awezaye kushika ukurasa mzima kichwani ana akili nyingi. Lakini hakufundishwa kusoma. Alifundishwa kuimba kitabu.

Wapenzi wasomaji, mara nyingi twawasikia wazee wakisema: «Zamani za Mapadri, shule ilikuwa shule kweli. Aliyemaliza kalasi ya tano aliandika barua vizuri kuliko mwenye diploma wa leo.» Na vijana wanajibu: «Zamani mlifundishwa kulima na kuimba tu.» Wote wawili wana kipande cha ukweli, na kila mmoja ameficha kipande kingine. Basi tuifuate habari hii tangu mwanzo, tukishika swali moja tu. Tusiulize watoto wangapi waliingia shuleni, maana hesabu hiyo imeandikwa sana. Tuulize walipotoka walijua nini.

Mwaka 1885 afisa Mbelgiji, Émile Storms, aliwaachia Mapadri Weupe kituo chake cha Mpala, kwenye pwani ya magharibi ya ziwa Tanganyika. Ilikuwa miaka ya vita vya watumwa. Mwaka 1887 akafika Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, ili kuilinda misioni na watu wake. Watoto wengi waliokusanywa pale walikuwa yatima, au waliokombolewa utumwani, watu wa makabila mbalimbali wasioelewana kwa lugha zao. Lugha iliyoweza kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili, kilichovuka ziwa pamoja na misafara ya biashara. Lugha iliyokuja njia moja na minyororo, hiyo ndiyo ikawa lugha ya kitabu cha kwanza cha watoto waliofunguliwa minyororo. Historia ina mambo yake.

Kutoka upande huo wa ziwa alitoka Stefano Kaoze, Mtabwa wa milima ya Marungu. Mwaka 1899 alikuwa mmoja wa vijana walioanza seminari ndogo ya Mpala chini ya Monsinyori Victor Roelens. Mwaka 1910 maandishi yake juu ya akili na mawazo ya Wabantu yalianza kutolewa kwa Kifaransa katika gazeti la Ubelgiji liitwalo La Revue congolaise. Ndiye Mkongomani wa kwanza kuandika jambo la namna hiyo. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ndiyo Moba-Kirungu ya leo, akapewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji.

Hesabuni: tangu 1899 hata 1917 ni miaka 18. Wengi wa wenzake waliacha njiani, wakaoa, wakawa walimu na makatekista, na hao nao walikuwa hazina. Lakini nataka mwone Kaoze alipewa nini. Alipewa walimu waliosoma sana. Alipewa wenzake wachache, hata mwalimu aliweza kujua kila mmoja amekwama wapi. Alipewa vitabu, karatasi, na zaidi ya yote wakati. Tena alianza kwa lugha aliyoielewa, kisha akapanda hata Kilatini na Kifaransa. Kwa hiyo, mtu asituambie kwamba mtoto wa Marungu wa miaka ile hakuweza kujifunza mambo makubwa. Alipopewa vyombo, aliweza.

Watoto wengine, maelfu kwa maelfu, hawakupewa vyombo hivyo. Tuwatazame sasa.

Mwaka 1906, tarehe 26 Mei, Roma ilipatana na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II. Serikali itawapa wamisionari Wakatoliki ardhi, hekta mia au mia mbili kwa kila misioni. Wamisionari nao watajenga shule, hasa za kilimo na kazi za mikono. Serikali itaangalia mpango wa masomo. Tangu siku ile shule ya Mwafrika katika Kongo iliwekwa mikononi mwa misioni, na kwa muda wa karibu miaka 50 serikali haikuwa na shule zake ila chache sana. Lilikuwa jambo la faida kwa pande zote mbili. Serikali ilipata shule kwa bei nafuu. Misioni ilipata mlango wa kuingia katika kila kijiji.

Katika kijiji, shule ilikuwa nini? Fikirini kapela ya miti na udongo, yenye paa la nyasi. Asubuhi ngoma inalia. Watoto wanakuja, wadogo na wakubwa pamoja, wavulana wengi na wasichana wachache. Mbele yao amesimama katekista, ambaye ni mwalimu vilevile. Yeye mwenyewe alisoma miaka michache tu kuliko hao anaowafundisha. Mshahara wake ni kidogo. Mke wake analima ili nyumba ipate kula. Ana kitabu kimoja cha kusomea, katekismu moja, na ubao kama amebahatika. Watoto wana vibao vya kuandikia, au hawana, nao huandika katika mchanga.

Sasa mtu mwenye kitabu kimoja na watoto arobaini atafanya nini? Atasoma mstari kwa sauti, nao watarudia pamoja. Ba, be, bi, bo, bu. Kesho tena. Baada ya mwezi wote wanajua mstari ule, na mgeni akipita njiani atasikia sauti nzuri, atasema: «Shule hii inaendelea.» Ndivyo ulivyozaliwa wimbo ule niliousikia katika kalasi ya tatu. Haukuzaliwa kwa uvivu wa mwalimu. Ulizaliwa kwa kukosa vitabu. Kisha ukawa desturi, na mwanafunzi wa mwalimu yule alipokuwa mwalimu, alifundisha kama alivyofundishwa, hata mahali ambapo vitabu vilikwisha kufika.

Nawaheshimu sana makatekista wale. Wengi walitembea siku nzima kwa miguu kwenda misioni kupokea kipande cha chaki. Kama leo bibi mmoja katika parokia yako anaweza kusoma barua ya mjukuu wake, kuna katekista nyuma ya jambo hilo. Lakini heshima isitufunge macho: mtu mmoja hawezi kutoa asichopewa.

Wengine waliliona neno hilo mapema. Mwaka 1921 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ambamo alikuwemo James Aggrey, mwana wa Pwani ya Dhahabu, ndiyo Ghana ya leo, ilipita katika Kongo kuangalia shule. Serikali ya Ubelgiji nayo ilikwisha kuanza kufikiri. Mwaka 1925 ukatolewa mpango wa kusaidia kwa fedha shule za misioni za Wabelgiji, na mwaka 1929 mpango huo ukatengenezwa katika kijitabu ambacho watu walikiita «kitabu cha manjano» kwa sababu ya rangi ya jalada lake. Shule za Waprotestanti, ambao wengi walikuwa wageni wasio Wabelgiji, ziliachwa nje ya fedha hizo hata baada ya vita kuu ya pili. Ilikuwa si haki, na watoto wao ndio walioumia.

Kitabu cha manjano kiliagiza miaka miwili ya daraja la kwanza, kisha miaka mitatu ya daraja la pili, kisha kwa wachache shule za kufanya walimu, makarani na mafundi. Masomo ya daraja la kwanza yawe katika lugha ya wenyeji: dini, kusoma, kuandika, hesabu, usafi wa mwili, kuimba, na kazi za shamba. Wakaguzi wa serikali na mapadri wakaguzi watapita kuangalia. Kwa upande wa kutunza ubora, hiyo ilikuwa hatua. Kukawa na programu, kukawa na ukaguzi, na mwalimu aliyesoma shule ya ualimu alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Suruali yake nyeupe ya Jumapili ilijulikana mtaa mzima.

Lakini soma tena mpango ule. Miaka miwili! Wengi wa watoto walioingia hawakupita miaka hiyo miwili. Nao wenye kupanga hawakuona kwamba ni ajali. Walitaka shule pana, isiyo ndefu. Watu wote wapate kidogo, wachache wapate zaidi kidogo, na juu kabisa pabaki pafinyu. Wakuu wa serikali waliogopa kuwa na watu wengi wenye elimu wasio na kazi. Makampuni yalitaka mafundi. Tuseme kweli yote: wamisionari wengi nao waliogopa kwamba kijana aliyesoma sana ataacha kijiji na kuacha dini. Njia ndefu iliyokuwa wazi ilikuwa ya seminari. Matokeo yake yalionekana mwaka 1960: tulikuwa na mapadri Wakongomani zaidi ya 500, na watu waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30.

Mwaka 1948 serikali iligawanya daraja la pili sehemu mbili. Moja ikaitwa ya kawaida, kwa wale wasioendelea mbele. Nyingine ikaitwa ya kuchaguliwa, yenye mwaka mmoja zaidi na Kifaransa kingi zaidi, kwa wale watakaofuata masomo ya sekondari. Fikirini mtoto wa miaka tisa au kumi akiambiwa kwamba njia yake ni hii ya kawaida. Katika miji wazazi walielewa upesi. Kila mmoja alitaka mwana wake aingie ile ya kuchaguliwa, na moyoni mwao likakaa neno hili: shule ya lugha yetu ni shule ya watu wa chini, shule ya Kifaransa ni shule ya watu. Shikeni habari hii, tutairudia.

Kisha ikaja miaka ya mashindano. Mwaka 1954 Auguste Buisseret, mtu wa chama cha Liberali, akawa waziri wa makoloni. Akaanza kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa ajili ya Wakongomani, akatuma Wabelgiji watatu, Coulon, Deheyn na Renson, kuja kuzitazama shule zote. Ripoti yao iliwachoma wamisionari. Walisema kiwango cha masomo ni cha chini, walimu wengi hawakufunzwa vya kutosha, Kifaransa ni dhaifu. Maaskofu wakalalamika kwamba waziri ana vita na Kanisa. Na kweli, siasa za Ubelgiji zilikuwamo ndani, kwa maana kule kwao mwaka uleule walikuwa wakigombana juu ya shule. Hata hivyo, leo, baada ya hasira za siku zile kupoa, mtu akisoma juu ya mambo hayo ataona kwamba lawama nyingi zilikuwa za kweli. Wamisionari wenyewe waliyajua. Wakaguzi wao walikuwa wameandika maneno kama hayo kwa sauti ya chini. Shindano lile lilileta faida moja: pande zote mbili zilianza kufungua sekondari, na mwaka huohuo wa 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium kilifungua milango karibu na Leopoldville.

Ilipofika karibu na mwaka 1960, shule za msingi za Kongo zilikuwa na watoto zaidi ya milioni moja na nusu. Nchi chache za Afrika zilifika hesabu hiyo, na Wabelgiji waliisifu. Ila wengi wa watoto hao walikuwa katika miaka miwili ya kwanza, na wasichana walikuwa nyuma sana. Hata mwaka 1961 ndipo msichana wa kwanza Mkongomani, Sophie Kanza, alipomaliza sekondari. Ilikuwa nyumba yenye baraza pana sana na chumba kimoja ndani.

Sasa nafika mahali ambapo nadhani tulikosa njia sisi wenyewe, na kwa moyo mwema kabisa. Mwaka 1962, nchi ikiwa imepata uhuru, serikali ilitoa programu moja kwa shule zote za msingi: miaka sita, bila tofauti ya kawaida na kuchaguliwa, na Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia tangu kalasi ya kwanza. Nani angeweza kupinga? Watu walikuwa wamekaa miaka mingi wakiona mlango wa Kifaransa umefungwa mbele yao. Sasa mlango umefunguliwa kwa kila mtoto. Mzazi alifurahi kusikia mtoto wa miaka sita anasema «bonjour».

Lakini angalieni kazi anayopewa mtoto huyo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa. Mtoto akijua m na a, amejua ma. Akijua ma na ji, amesoma maji, na maji anayajua, ameyachota asubuhi. Kwa miezi michache, mwalimu akiwa na bidii, mtoto wa Kiswahili anafungua maneno asiyopata kuyaona. Katika Kifaransa sauti moja ya o inaandikwa o, tena au, tena eau. Maneno mengi yana herufi za mwisho ambazo hazitamkwi kamwe. Mtoto wa Paris anavumilia tabu hiyo kwa sababu neno lenyewe analijua masikioni tangu kunyonya. Akisoma nusu, masikio yanamalizia. Mtoto wa Kasongo au wa Uvira hana masikio hayo. Anasoma alama asizozielewa, zinazotoa sauti asiyoijua, yenye maana ambayo hakuna aliyemwambia. Basi anafanya yale ambayo mtu mwenye akili angefanya: anashika wimbo. Na hesabu ni vivyo hivyo. Mtu asemaye tisini na saba amekwisha kuona makumi tisa na saba. (Hapo tuwashukuru Wabelgiji, waliotuachia septante na nonante, Wafaransa wenyewe husema themanini-na-kumi-na-saba.)

Tena, nani aliyefundisha Kifaransa hicho? Mwaka 1960 Wabelgiji wengi walikimbia. Unesco ilileta walimu wageni, na Wahaiti wengi walikuja kutusaidia, lakini walikwenda hasa katika sekondari. Shule ya msingi ilibaki na mwalimu yuleyule wa zamani, aliyesoma kwa lugha ya wenyeji, ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha sala na amri. Aliambiwa kufundisha lugha asiyoimudu kwa watoto wasioijua. Alijiokoa kwa kuandika ubaoni na kurudisha wimbo. Unesco ilikuwa imetoa kitabu mwaka 1953 kueleza kwamba mtoto huanza vizuri zaidi katika lugha ya mama yake. Lakini katika Kongo ya wakati ule neno hilo, ingawa lilikuwa la kweli, lilikuwa limeharibiwa na wale waliolitumia kufunga mlango.

Mwaka 1974, wataalamu wa lugha walipokutana Lubumbashi, waliomba lugha zetu zirudishwe shuleni. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inasema hivyo: Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, au lugha za mahali, zifundishie katika shule ya msingi. Ni vizuri. Lakini vitabu ni vichache, na tatizo jingine linaonekana. Kiswahili cha kitabu si kile cha nyumbani. Kitabu kinasema «shule», mtoto wa Lubumbashi anasema «masomo». Kitabu kinasema «kitabu», yeye anasema «buku». Huko Butembo mtoto anaanza na Kinande, na vijijini nje ya Bukavu anaanza na Mashi. Mwalimu mwenye busara atavuka mto huo kwa dakika moja, akieleza. Mwalimu mwenye fimbo ataufanya kuwa bahari.

Mambo ya miaka iliyofuata nayapita upesi, kwa kuwa wengi wetu tuliyaona. Maasi ya mwaka 1964 yalichoma shule nyingi za mashariki na kuua walimu, mapadri na masista. Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwanzoni mwa Desemba mwaka ule, alikuwa mwalimu wa watoto. Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alizitwaa shule za dini zote kuwa mali ya serikali, na mafundisho ya dini yakaondolewa, yakawekwa mafundisho ya chama. Haikuchukua miaka mitatu. Shule zikaoza, fedha zikapotea, na tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa wakapatana: serikali italipa walimu na kutoa programu, makanisa yataongoza shule. Mapatano hayo yangali yanatumika, ndiyo maana tunasema «école conventionnée».

Kumbe upande mmoja wa mapatano uliacha kulipa. Katika miaka 1980 serikali ilikata fedha za elimu. Mwanzoni mwa miaka 1990, mshahara wa mwalimu haukutosha kununua mfuko wa unga, na mgomo ukafunga shule kwa miezi na miezi. Ili shule zisife, maaskofu na wazazi walikubaliana kwamba wazazi wamwongezee mwalimu chochote. Ilitakiwa kuwa dawa ya msimu mmoja. Iliendelea zaidi ya miaka 25.

Nataka tuseme juu ya fedha hiyo bila kuzunguka, kwa sababu ni yetu. Iliokoa shule; bila wazazi maskini wa Kongo, kusingebaki kalasi hata moja. Lakini ilifanya mambo mengine pia. Asiyelipa alifukuzwa asubuhi, mbele ya wenzake, na mara nyingi alikuwa msichana, kwa maana nyumba yenye fedha ya mtoto mmoja humchagua mvulana. Na fedha haikukaa shuleni. Sehemu ilipanda kwa direkteri, kutoka kwa direkteri ikapanda ofisi moja hata nyingine, za serikali na za makanisa vilevile. Hapo ukaguzi ulikufa. Mkaguzi aliyepaswa kukaa kwenye benchi ya nyuma na kusikiliza, akawa mtu wa kuja kuchukua bahasha. Miaka ya kitabu cha manjano ilikuwa na makosa mengi, lakini padri mkaguzi alipofika juu ya pikipiki yake, mwalimu alitetemeka kwa ajili ya daftari la matayarisho, si kwa ajili ya bahasha.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliandika kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure na ya lazima. Maneno hayo yalingoja hata Septemba 2019 ndipo yakaanza kutimizwa. Mamilioni ya watoto waliingia, au walirudi. Yeyote aliyeona mama akimleta binti wa miaka kumi na miwili kalasi ya kwanza hatasema kwamba jambo hilo lilikuwa baya. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa siku moja, wala mabenchi, wala vitabu. Kuna kalasi zenye watoto zaidi ya mia. Walimu wengine hawakuwa katika orodha ya mishahara. Waliondolewa fedha za wazazi kabla ya kupewa za serikali. Migomo ikarudi. Na mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma, kisha Bukavu, shule nyingi za Kivu zilifungwa, nyingine zikawa malazi ya wakimbizi. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika nchi yetu watoto 97 katika 100 wenye umri wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Soma hesabu hiyo polepole. Wengi wa watoto hao wako shuleni.

Narudi kwenye kalasi ya tatu. Baada ya kengele nilibaki na mwalimu. Hakukasirika, aliaibika kidogo, kisha akanieleza. Alikuwa na watoto 94. Alikuwa na vitabu saba, viwili bila jalada. Alisoma miaka minne ya ualimu katika miaka ambayo walimu wake wenyewe walikuwa wakigoma. «Mwalimu wangu wa kwanza,» akasema, «alitusomea, nasi tukarudia. Sikupata kuona njia nyingine kwa macho yangu.»

Tukakaa, tukakata maboksi ya sabuni vipande vidogo. Juu ya kila kipande tukaandika silabi moja: ma, ji, mla, ngo, ki, ti. Aliniuliza kama kuna programu inayoruhusu. Nikamwambia sijui programu inayokataza. Siku ya pili aliwapanga watoto kumi kumi chini ya mwembe, kila kundi na vipande vyake, na kiongozi wa kundi mtoto mmoja anayejua kusoma. Alipata viongozi kama hao sita tu, kwa hiyo makundi mengine yalingoja zamu. Kelele zilikuwa nyingi, hata direkteri alitoka kuona kuna nini. Yule kijana wa jana alichukua kipande chenye «mla», akakizungusha, akakigeuza juu chini, akaenda kutafuta kingine cha kukiweka karibu nacho.